Geti Moja, Njia Mbili

Tulipokaribia Kitale, basi zima liligeukia madirishani. Juu ya mahindi, gurudumu la bustani mpya ya michezo lilikuwa likizunguka polepole, na watu ndani yake.

"Ihamishwe," akasema mzee aliyekaa mbele yangu. "Wamezungushia ukuta mpaka mto wetu. Agosti mjukuu wangu Nyongesa anatahiriwa, na lazima apakwe matope hapo."

"Si apitie tu kwa geti, mzee?" akauliza mama wa buibui aliyekaa kando yake.

"Ataingia. Atatokea wapi? Kijana akitoka mtoni, anaimbiwa mpaka nyumbani, na harudi na njia alikwenda nayo. Na geti ni moja!"

"Basi waongeze ingine huko nyuma."

"Ati nyimbo za babu zetu zipite katikati ya bembea? Ihame, bana!"

Mimi nilitahiriwa hospitalini, kwa hivyo nikajifanya kutazama mahindi.

Basi likasimama mbele ya geti lenyewe. Gurudumu lilipanda juu yetu, refu kuliko kanisa lolote nililowahi kuliona, watoto wakicheka huko angani. Mzee akavua kofia.

"Mama," akanong'ona, "mtu akiwa kule juu, ile mto nilipakwa matope mimi, kule nilikozaliwa Bumula, anaiona?"