Nyumba Ambayo Mama Ufagio Aliunyima Moto

Marehemu dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ufagio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano wa mwashi na mkulima. Jina hilo mlimpa kwa dhihaka. Leo naliona limeandikwa kwenye mashada ya maua kana kwamba lilikuwa la heshima, na linanitia kinyaa.

Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1971 akaishia hapo, maana baba aliamua kwamba atakayeendelea ni mimi, mtoto wa kiume. Niliendelea kwa kurudia darasa mara mbili.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mpishi wa shule ya bweni, akasimama mbele ya masufuria makubwa kwa miaka thelathini na moja. Asubuhi moja cheche iliruka kutoka jikoni ikatua kwenye majani makavu juu ya paa la ghala. Ghala liliteketea kabla chai haijachemka. Tangu siku hiyo hakuweza kuona jani kavu juu ya paa akanyamaza.

Alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi seremala, tarehe 12 Desemba 1981. Walijenga nyumba ya matofali ukingoni mwa msitu. Shemeji alikuwa akirundika maranda ya mbao nyuma ya jiko, mpaka dada alipomwambia, "Mume wangu, leo kimoja kinalala nje. Maranda au wewe." Jua halijazama, maranda yalikuwa yamehamishwa.

Kila kiangazi alipanda ngazi kufagia paa na mifereji, akafyeka nyasi hatua thelathini kuzunguka nyumba, akajaza mapipa maji. Upande mmoja tu ulimshinda, nao ni shamba langu. Nililiacha liote magugu hadi kifuani, na matawi ya miti niliyokata nikayalundika mpakani. Alinijia miaka mitatu mfululizo.

"Mdogo wangu, hayo matawi yatatuunguza."

"Dada, acha kujitia zimamoto."

Mlicheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Tarehe 14 Agosti 2023, saa nane mchana, moto ulitoka msituni ukaingia shambani kwangu kama mgeni aliyealikwa. Dada alifunga madirisha, akamkokota shemeji, ambaye miguu yake haina nguvu, hadi barabarani, kisha akarudi na magunia yaliyoloweshwa maji. Kwake hapakuwa na nyasi za kuungua. Alichopiga kwa saa mbili nzima ni moto wa nyasi zangu. Majirani walisimama barabarani wakipiga picha kwa simu. Nilikuwa miongoni mwao, nikiwaonyesha mahali pazuri pa kusimama. Nyumba ilipona, hata pazia halikuungua.

Mapafu yake hayakupona. Alilazwa mara nne. Wiki mbili kabla ya mwisho alinishika mkono pale wodini, akaniuliza kwa pumzi fupi fupi:

"Yale matawi yaliyobaki upande wa bondeni, umeyatoa?"

"Nimeyatoa, dada."

"Asante, baba."

Nilimdanganya. Matawi yapo. Mmepita kando yake leo mkija hapa, na wengine wenu mmeegesha magari juu ya nyasi zile zile, zilizoota tena. Watoto wake waliniomba niifute aya hii kwenye karatasi mlizoshika, wageni wasije wakaona aibu. Nimekataa. Kama mnasikia kichefuchefu, mimi nimeamka nacho kila siku tangu tarehe 3 Juni 2024, saa tatu asubuhi, dada alipokata roho. Wala sisomi haya ili mnionee huruma. Atakayenipa mkono wa pole leo, nitaurudisha.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na ndugu wawili, mmoja wao akiwa mimi. Ameacha pia nyumba ambayo tukitoka hapa mtaingia kunywa chai, chini ya paa lisilo na jani hata moja.

Mungu ampumzishe dada yangu mahali ambapo hatalazimika kumwomba mtu jambo moja mara mbili.