Kifungo Chekundu Begani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Muuguzi wa wodi ya macho, yule mliyemwita Mama Kifungo, hatunaye. Mama Kifungo ametutoka.

Begani mwa sare yake nyeupe palikuwa na kifungo chekundu, kikubwa kama cha koti. Alikishona mdogo wake, fundi cherehani. Jicho likijaa usaha ndani, matone hayafui dafu; daktari huchoma sindano ya dawa ya kuua vijidudu humo humo jichoni. Mama Kifungo ndiye aliyeshika kichwa cha mgonjwa. "Tazama kifungo. Sindano tuachie sisi."

Fundi mwashi mmoja alitaka kukimbia.

"Wewe unayepanda ghorofa nne bila kamba?"

"Ghorofa hainichomi, sista!"

Wakacheka, na sindano ikapita.

Lakini mganga hajigangi. Siku moja sindano ya cherehani ilikatika, kipande kikamrukia mdogo wake jichoni. Naye aliogopa kuchomwa. Siku nne alitia matone ya jirani, mtandio kaushusha hadi jichoni dada yake asione. Waliishi nyumba moja, wakila sahani moja.

"Nilimwambia kichwa kinaniuma," anasimulia mdogo mtu. "Alikuwa amechoka. Akanipa vidonge, nikashukuru."

Siku ya tano alifikishwa wodini. Jicho la pili, lile lililo zima, likafunikwa kitambaa. Dada yake akamshika kichwa.

"Tazama kifungo, mdogo wangu."

"Kipi, dada?"

Daktari alichoma, akachoma tena baada ya siku mbili. Usaha ulikauka, jicho likabaki. Nuru haikurudi.

Siku nne, wasikilizaji. Narudia: siku nne.

"Macho ya watu nayaona, ya ndugu yangu sikuyaona," alisema Mama Kifungo. Tangu hapo, miaka kumi na tisa, kila asubuhi alisimama mlangoni pa nyumba yao. Hakutoka mtu bila kufunuliwa kope.

"Bibi, tutachelewa!" walilalamika wajukuu.

"Cheleweni, ila muone mnakokwenda."

Jumatatu moyo wake ulisimama. Siku ya mazishi, watu wakiwa wamejaa uani, mdogo wake alifika mlangoni. Akasimama. Akainua uso, akangoja. Ni binti yake aliyemshika mkono, wakatoka.

Tunawapa pole wanafamilia, na wauguzi wenzake wote. Na wewe unayetusikiliza, huyo unayeishi naye hapo nyumbani, mara ya mwisho ulimtazama machoni lini?