Wasifu wa Mzee Penseli, Aliyekataa Kuyafunga Majalada Hai

Tarehe 12 Desemba 2019, saa nne asubuhi, katika masjala ya Mahakama ya Biashara, marehemu aliwekewa mezani muhuri wenye neno IMEFUNGWA pamoja na majalada 214 ya mashauri ambayo hayakuwa yamesikilizwa hadi mwisho. Msajili alimtaka ayafunge yote kabla ya ripoti ya mwaka, kisha mwezi Januari yafunguliwe kwa nambari mpya, yaonekane yameingia jana.

“Mzee, wewe gonga muhuri tu,” Msajili alimwambia. “Nani atakuja kuchungulia majalada?”

“Bwana Msajili, hili lina miaka mitano. Ukitaka liwe kichanga, kamlete mkunga.”

Masjala nzima iliangua kicheko, na kicheko hicho hakikusamehewa. Siku ya tatu muhuri ulipewa mwingine, marehemu akahamishiwa ghala la kumbukumbu, chini kabisa ya jengo, na katika faili lake la utumishi pakaandikwa kuwa alikuwa “kikwazo cha maboresho”. Maneno hayo yamo humo hadi saa hii tunapomzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Mei 1962, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona mashuka ya hospitali. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980. Alitamani kuendelea, lakini baba alipofuka macho, naye akashika koleo na lenzi ili wadogo zake wasome. Dada yake, anayeusoma wasifu huu, ni mmoja wa waliosomeshwa na mikono ile.

Aliajiriwa mahakamani tarehe 1 Februari 1988. Kutoka kwa baba yake alikuja na desturi moja: fundi saa huandika ndani ya mfuniko tarehe aliyoipokea saa. Basi kila jalada lililopita mkononi mwake, aliandika kwa penseli, kwenye kona ya ndani ya gamba la nyuma, tarehe lilipoingia. Penseli ilikaa sikioni, na jina likamganda.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1991 na muuguzi aliyemzidi kwa kila kitu isipokuwa subira. Wakajaliwa binti mmoja. Nyumbani kwao viatu, sufuria na hata mwavuli vilikuwa na tarehe ya penseli. “Siku moja nitaamka nimeandikwa mgongoni,” mkewe alilalamika. “Wewe nilikuandika zamani,” akajibu, na mpaka leo mjane hajaambiwa wapi.

Huko ghalani alikaa miaka miwili na nusu, chini ya bomba lililovuja, huku juu yake ripoti zikipendeza. Mwaka wa kwanza shauri lilisemekana kumalizika kwa miezi saba, wa pili mitano, wa tatu minne. Palikuwa na keki na picha ya pamoja, na bango likatundikwa mlangoni: HUDUMA BORA, HAKI KWA WAKATI. Chini ya bango hilo alipita kila mara fundi cherehani mmoja, ambaye yuko nasi hapa. Alifungua shauri mwaka 2014 dhidi ya kampuni iliyochukua vyerehani vyake kumi na viwili. Hadi leo limebadilishiwa nambari mara nne, na kila Januari aliambiwa apange foleni upya. Siku moja alishuka ghalani akilia kwamba shauri lake limekufa.

“Halijafa, mama,” marehemu alimwambia. “Wamelivisha shati jipya tu. Mwili ni ule ule.”

Na hapo ndipo werevu wote wa ofisi ile ulipojikwaa. Walibandua nambari za nje, wakabandika nyingine. Hakuna aliyefunua gamba la nyuma.

Kikohozi kilimwanza Machi 2021. Alistaafu Mei 2022 bila hata chai ya kuagwa. Daktari aliyempima alituuliza alifanya kazi wapi. Tulipomweleza habari za lile ghala, aliandika kwenye cheti chake: “Unyevu.” Marehemu alifariki tarehe 9 Septemba 2023, saa tatu asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Neno la mwisho alilomwambia binti yake lilikuwa: “Penseli haifutiki yenyewe.”

Ameacha mjane, binti ambaye ni mwalimu, mjukuu mmoja, dada yake, na majalada 214.

Bwana Msajili, tumekuona safu ya tatu. Shada lako lililoandikwa “Mtumishi Mwadilifu” tumeliacha nje ya lango, utalichukua ukitoka. Jumatatu saa mbili asubuhi tutakuwa masjala, sisi, fundi cherehani, na wadai wenzake wote tuliowapata. Utafunua majalada yale mbele yetu, moja baada ya jingine, na utasoma kwa sauti tarehe zilizomo. Utayarudishia umri wake, utaiandika ripoti upya, na utayafuta yale maneno matatu kwa mkono wako mwenyewe.

Yeye tunamwombea pumziko lenye amani. Wewe hatukuombei, mpaka ufunue jalada la mwisho.