Nenosiri la Mama Mkwe

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alimwonyesha jirani yake kompyuta mpakato. "Mwanangu, unayajua mambo haya? Jana niliiwekea mfumo mpya wa Linux mwenyewe, leo inanikatalia kuingia. Na hotuba ya harusi ya binti yangu imo humu humu."

Jirani yake, aliyesema ni fundi wa redio, akaitazama. "Mama, hebu liandike nenosiri hapa kwenye nafasi ya jina, tuone linavyotokea."

Mama alisita kidogo, kisha akabonyeza. Macho hayana pazia, nami nikachungulia. Kwenye kioo palitokea: hqfqihqtqkidogo.

"Kibodi imegeuka ya Kifaransa," fundi akasema. "Ukitaka a, bonyeza q."

Mama akafanya hivyo, kompyuta ikafunguka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Fundi alikuwa bado anayasoma yale maneno moyoni. "Samahani, mama. Nani hafai hata kidogo?"

"Bwana harusi."

"Na hotuba inasemaje?"

"Inamsifu mwanzo mwisho."

"Sasa ukweli ni upi?"

"Nenosiri ni langu, mwanangu. Hotuba ni ya binti yangu."

Fundi alikuwa bado anabisha kwamba huo ni unafiki mtupu basi liliposimama. Nje, kijana aliyevaa suti ya harusi alikuja mbio kumpokea mama mizigo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," mama akaitikia kwa bashasha. Akamkabidhi mabegi yote, ila kompyuta akaibana kwapani.