Barua ya Kumuaga Afande Bata

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa boriti ulioegemezwa ukuta wa kibanda cha Absalom, fundi baisikeli wa mtaa wa Obunga, kando ya ziwa. Kila asubuhi Mama Dorca alileta birika la chai ya strungi, isiyo na maziwa, na wenyewe wakakaa: Walubengo, aliyestaafu reli na kuitwa Bogi, yaani behewa, kwa sababu ya tumbo, na Dishon, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Ijumaa hiyo, mwaka wa 1974, Absalom hakuwa ameshika spana. Alikuwa na kalamu. Inspekta Waliaula, mkuu wa kituo cha polisi, alikuwa anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa, na chifu alitaka wakazi wa Obunga waandike barua ya kumshukuru. Karani wake angekuja kuichukua saa sita. Saa nne ilikuwa imepita, na karatasi ilikuwa na maneno mawili tu: “Kwa Afande.”

— Andika alikuwa mtu mkali, Bogi akasema.

— Hakuwa mkali, Absalom akajibu.

— Sasa polisi gani si mkali? Andika tu. Wakubwa wanapenda hiyo.

— Bogi, wewe mwenyewe alikushika umelewa karibu na stesheni. Alikufanya nini?

Bogi akapuliza chai yake.

— Alinirudisha nyumbani. Akamwambia bibi yangu anipatie uji.

— Basi!

— Hiyo usiandike.

Absalom alishusha pumzi. Waliaula aliingia polisi mwaka wa arobaini na tano, askari wa miguu, akapanda cheo baada ya cheo mpaka Uhuru ukamkuta sajenti, na mwaka uliofuata akakabidhiwa kituo kizima. Kila Jumapili baada ya kanisa alivua sare, akashuka ziwani na watoto wa Obunga, akawafundisha kuogelea kwa tyubu kuukuu za gari. Ndiyo maana wakamwita Bata. Na hawa wawili hawawezi kumsaidia kuandika aya moja!

— Lakini tuseme ukweli, Redio akaanza, na Absalom akajua asubuhi imeharibika. — Mkubwa wa polisi kwenda kwa maji na watoto wa wenyewe? Hiyo ilikuwa kazi ya siri. Alikuwa anatafuta magendo. Watu wa ng'ambo walikuwa wanaficha vitenge chini ya maji.

— Vitenge chini ya maji, Redio?

— Ndani ya mapipa, omera, ndugu yangu!

— Si vitenge, Bogi akakata. — Mimi nilisikia huko reli. Chini ya hii ziwa kuna mafuta. Serikali ilimtuma apime urefu wa maji polepole, watu wasishtuke.

— Kwa miaka kumi na miwili? Na watoto?

— Watoto ndio kipimo! Mfupi anasimama hapa, mrefu anasimama pale. Unaandika kwa kitabu.

— Sasa nimeelewa, Redio akasema kwa furaha. — Ndiyo sababu hawakumpandisha cheo tena. Alijua mambo mingi sana.

Absalom akaibamiza kalamu juu ya kiti cha baisikeli. Mama Dorca akaruka nusura amwage birika.

— Nyamazeni! Nyinyi mnajua kitu gani? Nyinyi mlikuwa wapi ile siku mtumbwi ulipinduka?

Absalom hakuwa amepanga kulisema jambo hilo, lakini hasira ilikuwa imeshalifikisha mdomoni.

— Mwaka wa sitini na mbili. Watu tisa wanatoka soko, wamebaki na hatua kama kutoka hapa mpaka kwa ile posho mill ya kusaga unga. Mtumbwi ukapinduka. Ndugu yangu Enos alikuwa ndani. Mimi niko ufukweni napiga kelele. Waliaula alikuja mbio, na bunduki, na buti, akaingia maji ikafika kifua, akasimama. Hakujua kuogelea. Mimi pia sikujua. Tulisimama hapo, sisi wawili, tukamwona Enos akienda. Watu tisa, hakutoka hata mmoja.

Mama Dorca aliliweka birika chini taratibu.

— Mwezi uliofuata akachukua likizo, Absalom akaendelea, sauti imepungua. — Mwingine angeenda kwao Bungoma kulima. Yeye akaenda Luanda Kotieno kwa wavuvi, mtu mzima wa karibu miaka arobaini, watoto wanamcheka, akakunywa maji ya ziwa mpaka akajua kuogelea. Halafu akarudi akaanza na watoto wetu. Binti yangu Awuor alikuwa na miaka saba. Hakuna mafuta hapo. Hakuna vitenge.

Bogi akamsogezea Absalom karatasi. Kisha Redio akakohoa.

— Sasa hiyo ndiyo barua, Fundi. Andika hivyo hivyo.

Absalom akaandika. Safari hii hawakumkatiza, ila mwishoni Bogi alisisitiza iongezwe sentensi moja yenye uzito: “Sisi wazee wa Obunga tunaahidi kuiendeleza kazi yako.” Hata Absalom aliipenda.

Alikuwa anaisoma kwa sauti alipofika mama mmoja kijana akisukuma baisikeli yenye pancha. Alijitambulisha kuwa ni Nabwire, amehamia juzi kutoka upande wa Busia, na mumewe huchuuza samaki akivuka maji na binti yao. Alisikiliza barua mpaka mwisho, mkono ukiwa bado kwenye usukani.

— Hiyo ni barua nzuri, Baba, akasema. — Mimi nilikuwa namtafutia mtoto wangu mwalimu. Sasa ni nani kati yenu anajua kuogelea?

Bogi akamtazama Redio. Redio akajimiminia chai nyingine. Absalom mwenyewe hakuwa amejifunza mpaka leo. Miaka yote ya utoto wa Awuor alikuwa akimpeleka ufukweni, akakaa juu ya jiwe na viatu vyake miguuni, akimngoja amalize.

— Au nimeuliza vibaya? Nabwire akasema.

— Hapana, mama. Hukuuliza vibaya.

Absalom akaikata ile sentensi ya ahadi kwa mistari miwili. Chini yake akaandika: “Afande, kabla hujafunga mizigo, tunaomba Jumapili hii utufundishe sisi wakubwa.” Akatia sahihi, kisha akanyoosha kalamu upande wa benchi. Kwa mbali karani wa chifu alikuwa anakuja, kofia mkononi.

— Mimi goti linanisumbua, Redio akasema.

— Andika jina.

— Na maji asubuhi ni baridi, Fundi, wewe unajua.

— Dishon, andika jina.