Bingwa Aliponyamaza Ukumbini

Kijiwe chetu ni benchi moja tu, limeegemea ukuta wa kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali. Asubuhi ile mada ilikuwa Bingwa, bondia mstaafu wa mtaani kwetu, ambaye siku hizi anaalikwa kila kona kuwahutubia watu wasikate tamaa. Jana ukumbini, katikati ya hotuba, alinyamaza. Kimya kikarefuka mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akaianza hotuba upya, tangu "hamjambo". Ukumbi mzima ukasimama, makofi. Sisi tulikuwapo, maana huwa tunamsindikiza, na mimi roho iliniuma.

— Ile inaitwa mbinu, alisema Wakili, ambaye sheria hajaisomea ila miwani anayo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ule ukimya kauunda!

— Na kuanza upya? aliuliza Kinyozi.

— Kwa ajili ya waliochelewa.

— Mbinu gani! alifoka Pampu, fundi baiskeli. Yule kanyamazishwa. Anawajua wakubwa waliouza mapambano. Alitaka kutaja jina, akamwona mwenye jina kakaa kiti cha mbele. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Imeshaingia, basi.

Kinyozi alikizungusha kikombe chake cha kahawa.

— Mimi Jumatatu nilimnyoa asubuhi. Mchana akarudi, akakaa kitini. "Ninyoe."

— Ukafanyaje?

— Nikapitisha mashine bila kuiwasha. Nikampangusa shingo. Akashukuru, akaenda zake.

Wakili akapandisha sauti, kama mtu anayepita makaburini.

— Huyo anajipanga! Mwakani anagombea uongozi, nawaambieni. Mwanasiasa lazima ajue kusahau!

— Apewe jeshi kabisa, Pampu alidakia. Adui akija, Bingwa ananyamaza tu, wote wanakimbia. Kimya kingi kina mshindo mkuu!

Tukacheka, kicheko kisicho na raha. Kikakatika alipotokea mke wa Bingwa, tai ya mumewe mkononi.

— Karibu kahawa, shemeji.

— Sikai. Gari la chuo limekuja kumchukua akahutubie. Wanataka anyamaze vilevile kama jana, eti wanafunzi wanaingojea sehemu hiyo.

— Si mnaona? Mbinu! alisema Wakili.

Shemeji hakumtazama.

— Nimemvika suti. Nataka kumfunga tai, kaninyooshea ngumi zote mbili nimfunge bandeji. Akaniuliza, "Leo napigana na nani?" Nyie ndio wenzake. Nimjibu nini?

Wakili alivua miwani, akaivaa tena. Pampu alikuwa anatazama viatu vyake.

— Semeni basi, jamani. Kasimama mlangoni ananingoja.