Zero na zero, kutoka Mulungwishi

Wa kwanza kuisimulia habari hii ni Zaina, muuza kahawa wa kona ya nyuma ya soko, hapa Likasi, Jumatatu iliyofuata Pentekoste ya mwaka 2023. Naiandika kama alivyoieleza. Pale ambapo mtu amekana, nitasema. Benchi lake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa bado kipo, kwa hiyo anayechelewa hukalia kitasa. Jumamosi ya habari yenyewe, mkesha wa Pentekoste, alikuwapo Floribert, fundi umeme mstaafu, tunayemwita Kilowatt. Alikuwapo Asani, mfunga antena, tunayemwita Parabole. Na kwenye kitasa alikaa mdogo wangu Franck, ambaye kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Alikuwa amemposa Cathy, mjukuu wa Clotilde wa kijiji cha Mulungwishi, bibi mzee ambaye sote humwita Kambo, na siku hiyo ndiyo iliyowekwa kwa jibu. Kwa akina Clotilde, tangu wazee wao walipotoka Kasai kuja migodini, jibu la posa haliendi kwa simu wala kwa karatasi. Hubebwa na watu wawili, mmoja wa ukoo na mmoja jirani. Msichana mwenyewe haambiwi kitu mpaka wajumbe warudi. Na mposaji anayerudi kuuliza mara ya pili amejifukuza mwenyewe.

Dada yetu Sephora, anayesoma fizikia Lubumbashi, alikuwa amekuja kukaa karibu na kaka yake. Kilowatt akaona hapo pa kuanzia.

— Mutoto wetu Sephora, ile kintu unasomaka kule, inaitwa namna gani?

— Tonton, ni namna ya kutuma habari bila kosa, mu njia yenye kuwa na makelele. Habari inabebwa na bintu bidogo sana, kama punje za mwangaza.

— Makelele! Iyo minye najua. Courant ya umeme inatoka ku barrage ya maji na nguvu yote, inafika kwangu imechoka kama muntu alitembea na mikulu. Bantu banaiba-iba mu njia. Dawa ni moya: fil ya chini, waya ya kufukia mu udongo. Unafunga habari ku fil ya chini, bwizi hauione.

— Mukubwa Kilowatt, weye unafunga kila kintu ku fil ya chini, akasema Parabole. Hata muke yako ulitaka kumufunga.

Zaina anasema Kilowatt alicheka. Kilowatt anasema hakucheka.

— Tonton, akasema Sephora, kule hauwezi kufanya vile. Habari yenyewe hauwezi kuichungulia mu njia. Ukiichungulia tu, umeiharibisha.

— Sawa sufuria ya bukari, akasema Zaina, ambaye hupika ugali kila jioni. Ukifungua-fungua, haiive.

— Na hauwezi kufanya copie yake. Ni moya tu.

— Basi itume juu! akasema Parabole. Minye nilifunga kifuniko ya sufuria pa paa ya mama Providence, tukapata misa ya Brésil. Ya Brésil! Padiri anabariki mukate, na shiye tuko na mukate. Makelele iko huku chini, kwa bantu. Juu hakuna muntu.

— Na mvua? akauliza Kilowatt.

— Mvua inakuyaka na ruhusa yangu.

Kilowatt akaweka kikombe chini, kama mtu anayetaka kusimama mahakamani.

— Bote mumepotea. Tunakaa juu ya nini hapa? Cuivre! Shaba! Likasi yote ni fil moya kubwa. Unaenda ku mugodi ya Kamatanda, unainama ku shimo, unasema polepole, na Mulungwishi banasikia.

— Njo maana siri ya muntu haikaake mu Likasi! akapiga kelele Parabole, na wakapigana viganja, wamekubaliana kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Franck peke yake hakucheka.

— Sephora, akauliza, na kama njia yenyewe ni mubaya kabisa? Kama kila kintu unapitisha inaharibika?

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Asubuhi ile tulikuwa tumepata habari ya wajumbe waliochaguliwa. Wa kwanza ni Mansour, dereva na jirani wa Kambo, anayeitwa Sucre, yaani Sukari, kwa sababu hajawahi kufikisha habari mbaya katika maisha yake. Mgonjwa anazikwa, Sucre anasema amepata nafuu. Wa pili ni Michée, mjomba wa Cathy, anayeitwa Deuil, yaani Matanga. Huyo aliwahi kutangaza kuzaliwa kwa mtoto huku analia, watu wakaanza kupanga viti vya matanga.

— Kuko njia za vile, akasema Sephora. Hata neno moya haipite muzima. Tunasema uwezo yake ni zero. Lakini walimu banaonyesha kintu ya kushangaza: kuko njia mbili, hii zero, ile zero, na ukizitumia pamoja, habari inapita bila kosa hata kiloko.

— Zero na zero? akauliza Kilowatt.

— Ndiyo.

— Mutoto wetu, zero na zero ni zero. Hata ku université. Hata ku Brésil ya Parabole.

— Sababu habari haiko ndani ya hii, haiko ndani ya ile. Iko katikati yabo. Hii peke yake haijue kitu. Ile peke yake haijue kitu.

— Sasa nani anajua?

— Mwenye kuziangalia zote mbili pamoja.

Parabole alitaka kujibu kwa habari ya malaika wawili na waya mmoja, lakini Zaina alinyoosha kijiko.

— Mutazame kule.

Kutoka upande wa barabara kuu walikuwa wanakuja Sucre na Deuil. Walikuwa na mti begani, mmoja mbele na mwingine nyuma, na katikati lilining'inia bidoni la munkoyo, dumu kubwa la njano la kinywaji cha mahindi, likipiga magoti ya wote wawili. Walikuwa wanagombana tangu waliposhuka kwenye taksi.

— Franck! akaita Sucre kabla hajafika. Furaha! Kambo amekubali, mbuzi banakatwa leo!

— Mutoto wetu, akasema Deuil, na machozi yalikuwa tayari. Jikaze. Ni mambo ya dunia.

— Amekubali!

— Nilikuwa pale, sura yake ilikuwa ya kukataa.

— Alicheka!

— Alikohoa.

— Papa Michée, akasema Franck. Kambo alikwambia nini, maneno yake yenyewe?

— Aliniita peke yangu. Aliniambia: enda useme kwa Franck kile umeona. Na minye nimeona mubaya.

— Na minye aliniita peke yangu, akasema Sucre. Vile vile. Na minye nimeona muzuri!

Franck akajishika kichwa. Kurudi kuuliza hakuwezekani. Kilowatt alimwamini Deuil, kwa kuwa ubaya hauzidishwi. Parabole alimwamini Sucre, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusikia habari ya mbuzi. Wakasimama wote, kila mmoja na kidole hewani, mpaka Zaina akahofia vikombe vyake.

Hapo alikuwapo mwanamke aliyesimama kununua kahawa, mgeni wa mtaa, anaitwa Jessica. Alisubiri kelele zipungue.

— Munisamehe. Kama huyu analeta ndiyo, na huyu analeta hapana, sababu ya nini bamebeba bidon moya?

Sucre alimtazama Deuil. Deuil alitazama bidoni.

— Ni Kambo alituambia, akasema Sucre polepole. Tukipeleka, tubebe pamoja, tusitue chini mpaka kwa Franck.

— Minye nilikatala, akasema Deuil. Kubeba na huyu? Lakini alisema lazima.

Franck alisimama kutoka kwenye kitasa.

— Siku ya posa, akasema, Kambo alinishika mukono. Akaniambia: jibu sitalitia mu kinywa ya muntu. Usisikilize, angalia. Minye nilizania ni maneno ya uzee.

— Na kama ingekuwa hapana? akauliza Kilowatt.

— Tungekuya kila muntu na njia yake, akasema Deuil. Vile alitumaka ku bale baposaji bengine alibakatalia. Basi ni ndiyo... Akaanza kulia upya, kwa furaha, ingawa hakukuwa na tofauti.

Sephora alimtazama Kilowatt tu.

— Bon, akasema Kilowatt. Zero na zero. Leo tu.

Wakafungua bidoni pale pale, kwa kuwa kahawa ilikuwa imekwisha, na Jessica akapewa kikombe cha kwanza.

Franck na Cathy walioana Agosti. Kambo Clotilde alifariki mwaka uliofuata, baada ya kuwahi kumbeba mtoto wao wa kwanza, Shalom. Siku ile Sucre alikuja kusema kwamba amelala vizuri, na Deuil alikuja akilia kama kawaida. Lakini walikuja kila mmoja kwa njia yake, na Franck alijua kabla hawajafungua kinywa. Wengine wote wako hai: Zaina, Kilowatt, Parabole, Sephora, Jessica, Franck na Cathy, na Sucre. Deuil yuko hai pia, ingawa ukimwuliza atakuambia si kwa muda mrefu.